Maswali ya Wasomaji: Nani Anashika Saa ya Hadithi?

Barua za safari hii zimezidi nafasi niliyopewa, na jambo la ajabu ni kwamba nyingi kati yake, japokuwa walioziandika hawafahamiani, zinazunguka ugomvi mmoja: hadithi inapohama kutoka katuni kwenda filamu, au kutoka gemu kwenda televisheni, ni kitu gani kinachobaki njiani? Nimechagua zile zilizonifanya niweke pedi ya gemu chini na kufikiri. Ninajibu kama shabiki wa siku nyingi na si kama mhakiki mwenye shahada, kwa hiyo maoni yote ni yangu na yanabishaniwa. Tarehe na majina pekee ndiyo nisiyotaka tugombane kwayo.

Ndugu mwandishi, nimesoma vitabu vya katuni tangu nikiwa mtoto. Kila inapotoka filamu iliyotokana na katuni ninayoipenda, huenda kuitazama kwa shauku na kurudi nikiwa na kinyongo nisichoweza kukieleza, hata pale ambapo kila tukio limefuatwa kama lilivyo kitabuni. Je, kosa ni langu au ni la watengenezaji? — Msomaji wa Kale

Ndugu yangu, kosa si lako, na mara nyingi si lao pia. Hebu tazama kwanza namna unavyosoma. Ukurasa wa katuni umegawanywa katika visanduku, na kati ya kisanduku kimoja na kingine kuna ufito mweupe usio na mchoro wowote. Mchoraji Scott McCloud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1993 kuieleza sanaa hii kwa njia ya katuni yenyewe, aliutetea ufito huo kwa mfano ambao sijausahau: katika kisanduku cha kwanza mtu ameinua shoka dhidi ya mwenzake, na katika cha pili tunauona mji usiku, na ukelele umetanda juu ya mapaa. Shoka halikuonyeshwa likishuka. Aliyelishusha ni msomaji, kwa nguvu aliyoitaka na kwa muda alioutaka. Kwenye katuni, basi, saa ya hadithi iko mkononi mwako: waweza kukaa dakika tano juu ya uso mmoja, ukarudi nyuma kurasa kumi kuhakikisha kama ile pete aliivaa tangu mwanzo, kisha ukazifunua kurasa tatu kwa pupa kwa sababu watu wanapigana.

Filamu inakunyang'anya saa hiyo. Inapitisha picha 24 kwa sekunde mbele ya macho yako, haikuachii ufito wowote wa kujaza, na wote mliomo ukumbini mnautazama kila uso kwa muda uleule aliouamua mhariri. Ndiyo maana utiifu peke yake hauokoi. Watchmen, katuni ya Alan Moore na Dave Gibbons iliyotoka kwa matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, imejengwa juu ya ukurasa wa visanduku tisa, na sura yake ya tano imepangwa hivi kwamba ukurasa wa kwanza unaakisi ule wa mwisho, wa pili unaakisi unaoutangulia wa mwisho, hadi pande zote mbili zinapokutana katikati kama uso na kioo. Filamu ya mwaka 2009 ilinakili michoro mingi kwa uaminifu mkubwa, lakini kioo hicho hakikupata mahali pa kutundikwa, kwa kuwa mtazamaji hana ukurasa wa kurudia. Nilitoka nikiwa nimeona karibu kila kitu na sikuhisi hata nusu yake.

Hata mwenye mali akijitengenezea mwenyewe hasara hiyo haimkwepi. Katsuhiro Otomo alianza kuchora Akira mwaka 1982, akaiongoza filamu yake mwaka 1988, na manga yenyewe (ndivyo zinavyoitwa katuni za Kijapani) ikamalizika mwaka 1990, yaani filamu ilifika mwisho wa safari kabla ya kitabu. Kurasa zaidi ya 2,000 hazikai katika saa mbili, na Otomo alikata kazi yake mwenyewe bila huruma. Filamu ile inasimama kwa miguu yake, nadhani, kwa sababu aliikubali hasara mapema akawekeza katika vitu ambavyo karatasi haina: mwendo wa pikipiki, mistari ya taa inayobaki nyuma yake gizani, na muziki unaokuingia kifuani.

Wako waliojaribu kuuhamisha ukurasa wenyewe. Mwaka 2003 Ang Lee, katika Hulk, aliigawa skrini vipande vipande mithili ya visanduku. Nampa heshima kwa ujasiri, ila visanduku vinavyosogea vyenyewe vinakuacha ukivifukuza kwa macho kama mtu aliyeangusha karatasi kwenye upepo. Waliopata ufunguo, kwa maoni yangu, ni watengenezaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018. Hao waliuiga mkono wa mchoraji: vitone vya uchapishaji rahisi wa zamani wameviacha juu ya rangi, maneno ya mlio yanatokea hewani, na mwendo wenyewe wameupunguza makusudi. Pale ambapo kijana Miles anajifunza kubembea katikati ya miti akiwa na Peter mzoefu, Peter amepewa mikao 24 kwa sekunde na Miles 12 tu, hivyo ugeni wa kijana unaonekana mwilini kabla hajafungua kinywa. Ule ufito mweupe umerudi, safari hii umefichwa ndani ya sekunde.

Ushauri wangu wa vitendo ni mdogo: usikisome kitabu upya katika wiki ile unayokwenda kutazama filamu yake. Nilifanya kosa hilo mara moja, nikakaa gizani saa mbili nzima nikifanya kazi ya ukarani, nikitia alama ya vyema kwenye kila kisanduku kilichofuatwa.

Kuna tovuti inayozipa filamu asilimia. Filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka huu ilipata 52, na ile iliyonitia usingizi ilipata 93. Nani amekosea? — Mwenye Usingizi

Hakuna aliyekosea. Ikiwa unaizungumzia Rotten Tomatoes, ile asilimia inahesabu ni wahakiki wangapi kati ya wote waliotoa maoni mazuri, wala haisemi waliipenda filamu kwa kiasi gani. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona "inafaa" yaweza kupata 100, na ile ambayo nusu wameiabudu na nusu wameitemea mate itapata 50. Mimi nikiona 50 hunyanyuka kitini. Nikiona 93 hutafuta kwanza wale wachache walioikataa niwasome, kwa sababu walioikataa huwa na sababu, ilhali baadhi ya walioikubali huwa na adabu tu.

Ndugu mwandishi, mimi ni mtu mzima mwenye kazi na watoto wadogo, na kwa siku ninapata saa moja tu ya kucheza gemu, tena si kila siku. Hucheza kwa kiwango rahisi ili nifike mwisho wa hadithi. Mdogo wangu anadai kwamba gemu iliyochezwa hivyo haijamalizwa. Naomba hukumu. — Baba wa Saa Moja

Mwite mdogo wako akae, kisha umsimulie kisa cha Kazuhisa Hashimoto. Huyu, mwaka 1986, alikuwa akiihamisha Gradius ya Konami kutoka mashine za sarafu kwenda mashine ya nyumbani ya Nintendo, na kila alipotaka kuijaribu alikuta ni ngumu mno kwake. Akapachika ndani yake mfuatano wa vitufe, yaani juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ambao ulimpatia silaha karibu zote kwa mara moja. Gemu ikatoka mfuatano ukiwa bado umo, na hadi leo mashabiki wanaukariri kama shairi la shuleni. Ikiwa aliyeitengeneza alijitafutia mlango wa nyuma, baba mwenye saa moja ana deni gani?

Wanaoutukuza ugumu husahau pia ulikotoka. Katika mashine za sarafu, gemu isiyokuua haraka haimlipi mwenye mashine. Baadhi ya ugumu ule haukukusudiwa hata kidogo: katika Space Invaders ya mwaka 1978, wavamizi huongeza mwendo kadiri unavyowapunguza, na aliyeitengeneza, Tomohiro Nishikado, hakuanza na wazo hilo. Mashine yake ilikuwa dhaifu, na waliobaki walipokuwa wachache ilikuwa na kazi ndogo ya kuwachora, ikawakimbiza. Yeye akaona moyo unamdunda, akauacha mwendo ule ulivyo, na tangu hapo vizazi vya wachezaji vimeuita ustadi. Pac-Man ya mwaka 1980 haikuandaliwa mwisho wowote. Anayefika hatua ya 256 anakuta nusu ya skrini imejaa herufi za ovyo, kwa kuwa kihesabio cha hatua hakiwezi kuvuka 255. Kwa hiyo ugumu ulizaliwa ukiwa mkusanya sarafu, na ulipohamia sebuleni ukasahau kuvua sare.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba mdogo wako hana hoja. Kwenye gemu, saa ya hadithi imo vidoleni mwa mchezaji, na kuna hadithi ambazo vidole vikistarehe hazisimuliki. Resident Evil ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuruhusu kuhifadhi ulipofika kwenye mashine ya taipu tu, tena kwa utepe wa wino ambao ulikuwa wa kuhesabu. Hofu ya nyumba ile haikutokana tu na maiti watembeao. Ilitokana na kusimama mbele ya mashine ukijiuliza kama utumie utepe sasa au ujaribu chumba kimoja zaidi. Vivyo hivyo Dark Souls ya mwaka 2011, ambayo mimi mwenyewe niliitupa mara mbili kabla haijanishika: unakufa, unaacha ulichochuma pale ulipoangukia, unarudi kukifuata, na ukifa tena kabla hujakifikia kimepotea. Ukiiondoa kanuni hiyo utabaki na majumba mazuri ya mawe na hutajua kwa nini kila unayekutana naye anazungumza kama aliyekata tamaa.

Walioupatanisha ugomvi huu vizuri ni watengenezaji wa Celeste, ya mwaka 2018, inayomhusu msichana anayepanda mlima. Gemu hiyo ni ngumu kwelikweli, lakini wameweka sehemu ambapo unaweza kupunguza mwendo wa gemu nzima, kujipa pumzi isiyokwisha ya kupandia, au kujikinga kabisa na kifo, na hakuna anayekucheka. The Last of Us Part II, ya mwaka 2020, ilikwenda mbali zaidi ikawa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, kiasi kwamba wako wasioona waliofika mwisho wake. Nikisoma mtu mwenye macho mawili na mikono miwili anayenung'unika kwamba mipangilio hiyo imeishusha hadhi gemu, hufunga ukurasa.

Hukumu, basi. Endelea na kiwango rahisi, kwa kuwa kufia kwenye daraja moja mara kumi na tano ni kuilipa saa yako yote bila kuonjeshwa hadithi. Kwa gemu za kutisha tu, panda kiwango kimoja, na ukiona huna muda basi zifanye za likizo.

Shikamoo mwandishi. Nina umri wa miaka 14. Katika katuni ninayoifuata wamemuua mhusika niliyempenda kuliko wote, nami nililia. Rafiki yangu ananicheka na kusema kwamba atafufuliwa tu. Je, nilikuwa mjinga? — Mwenye Huzuni

Marahaba, mwanangu. Hukuwa mjinga, na rafiki yako hakusema uongo. Mambo yote mawili yanakaa pamoja. Superman aliuawa katika toleo la 75 la jarida lenye jina lake, mwaka 1992, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kurudi. Sherlock Holmes, ambaye hakuwa hata wa katuni, aliangushwa kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893, na miaka kumi baadaye mwandishi wake akamrudisha kwa maelezo ambayo yangemtoa jasho wakili. Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha mwaka 1988, pale wachapishaji wa Batman walipotoa namba mbili za simu ili wasomaji wapige kura kama kijana Jason Todd, Robin wa pili, yaani msaidizi wa Batman, afe au aishi. Waliotaka afe walikuwa 5,343 na waliotaka aishi 5,271. Kura 72 ndizo zilizomzika, naye pia alifukuliwa mwaka 2005.

Sababu ya ufufuo huu haina fumbo. Wahusika wakubwa wa Marekani ni mali ya kampuni, waandishi wanapokezana kama wapiga zamu, na anayerithi zamu hapendi kukuta sanduku la vifaa likiwa tupu. Manga nyingi zina mwandishi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kaburi likichimbwa humo mara nyingi hubaki kaburi.

Lakini kuna kifo kimoja cha katuni za Marekani ambacho nakushauri ukisome ukikua kidogo: cha Gwen Stacy, mwaka 1973, katika hadithi za Spider-Man. Anaangushwa kutoka juu ya daraja, shujaa anarusha utando na kumdaka mguuni, na kando ya shingo ya msichana mchoraji ameweka neno dogo la mlio, dogo kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hulipita. Je, ameuawa na adui aliyemsukuma, au na utando uliomsimamisha ghafla? Miaka zaidi ya 50 imepita na watu bado wanakitazama kisanduku kile. Wamekwisha kutuletea Gwen wengine kutoka ulimwengu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekifuta. Machozi yako, basi, yaangalie hivi: ukilisoma tena toleo lile mwaka ujao na ukahisi vilevile, kifo kilikuwa cha kweli hata kama mhusika atafufuka kesho.

Mume wangu anataka tuitazame tamthilia yote kwa usiku mmoja au miwili. Mimi nataka sehemu moja kwa wiki kama zamani. Tumekubaliana kukuachia wewe uamue. — Mke Mvumilivu

Mmenibebesha mzigo, lakini nitaubeba. Tamthilia ya televisheni ndiyo peke yake katika hadithi hizi ambayo saa yake ilishikwa na kalenda. Mwezi Machi mwaka 1980 mhusika mmoja wa tamthilia ya Dallas alipigwa risasi, na watazamaji wakangoja hadi Novemba ili waambiwe nani aliyefyatua. Miezi minane ile ya kubahatisha ilikuwa sehemu ya hadithi, na pengine sehemu iliyo tamu zaidi. Kisha mwaka 2013 Netflix ikatoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja, na kalenda ikafukuzwa kazi.

Siwezi kusema upande mmoja una haki kwa kila tamthilia, maana inategemea jinsi ilivyofungwa. Iliyoandikwa ili imwagwe yote kwa mara moja huwa na tumbo lililolegea katikati, sehemu tatu nne ambazo mtu anaahidi jambo na halitendeki, na ukiitazama kidogo kidogo utalihisi legeo hilo kwa mwezi mzima. Hiyo mpe mume wako. Iliyojengwa juu ya mafumbo itazame wewe kwa wiki, kwa sababu fumbo linalojibiwa baada ya dakika arobaini halikupi nafasi ya kukosea, na kukosea ndiyo raha yake. Vichekesho tazameni mtakavyo.

Na kama mnataka kulala kwa wakati, nina hila moja ndogo. Msizime mwisho wa sehemu. Zimeni katikati yake. Dakika mbili za mwisho zimetengenezwa na watu wanaolipwa ili msizime, ilhali katikati ya sehemu watu wanazungumza jikoni na hakuna anayewashika.

Kwa nini filamu zilizotokana na gemu zilikuwa mbovu kwa miaka mingi, na sasa ghafla zimekuwa nzuri? — Mchezaji Mwenye Mashaka

Ubovu ulikuwa wa pande zote mbili, tusisahau. Gemu ya E.T. ya Atari, iliyotokana na filamu, ya mwaka 1982, iliundwa na mtu mmoja, Howard Scott Warshaw, kwa wiki tano hivi ili iwahi msimu wa sikukuu, na kaseti zake nyingi zisizouzwa zikaishia kufukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka 2014. Kwa upande wa pili, filamu ya Super Mario Bros. yenye waigizaji halisi, ya mwaka 1993, ilijawa na aibu ya gemu yenyewe, ikambadilisha kila mhusika awe kitu cha giza na uchafu. Ile ya katuni ya mwaka 2023, ambayo haikuona aibu yoyote, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Sisemi ni filamu bora. Nasema tu kwamba ilijua inamhusu nani.

Mabadiliko ya kweli nayaona kwenye tamthilia ya The Last of Us, pia ya mwaka 2023. (Asiyeitazama aruke aya hii, nisije nikamwaga mchele penye kuku wengi.) Katika gemu ya mwaka 2013 tunamkuta Bill akiwa peke yake, mchungu na mwenye mitego kila kona, na Frank tunamwona akiwa amekwisha kufa, ameacha barua ya chuki. Mambo hayo yalitosha, kwa sababu vidole vyetu vilikuwa na shughuli ya kupita kwenye mitego. Televisheni haina vidole vya kushughulisha. Waandishi wakaitupa mitego karibu yote, wakaijaza nafasi iliyobaki kwa maisha ya watu wale wawili tangu siku walipokutana hadi walipozeeka, na sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayokumbukwa kuliko zote. Filamu za zamani zilikuwa zikiondoa mikono ya mchezaji bila kuweka kitu mahali pake. Ndipo ulipokuwa ubovu.

Mwanangu wa miaka 11 hasomi chochote isipokuwa katuni na manga. Mwalimu wake ana wasiwasi, nami nimeanza kuambukizwa. Nimnyang'anye? — Mama Mwenye Wasiwasi

Usimnyang'anye, dada yangu. Wasiwasi huu una umri mkubwa kuliko mimi na wewe. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa Marekani kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ikawahoji wachapishaji, na wachapishaji wakajitungia kanuni zilizopiga marufuku hata wanyonya damu, hadi zilipolegezwa mwaka 1971. Nyaraka za Wertham zilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, mtafiti Carol Tilley alizilinganisha na kitabu akakuta kwamba maneno ya watoto yalibadilishwa na visa vya watoto tofauti vimeunganishwa kuwa kimoja.

Hilo halina maana kwamba kila katuni inamfaa mtoto. Zipo zilizoandikwa kwa ajili ya watu wazima, zikiwemo bora kabisa: Maus ya Art Spiegelman, inayosimulia mauaji ya Wayahudi kupitia panya na paka, ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na sitampa mtoto wa miaka 11 akae nayo peke yake. Chukua anachosoma, usome sura moja kimyakimya. Kisha mwombe akusomee kurasa mbili akikueleza kwa nini visanduku vingine ni vikubwa na vingine vidogo. Ukiona anajibu, mwambie mwalimu kwamba mtoto anasoma maneno na picha kwa pamoja, kazi ambayo watu wazima wengi wanaishindwa: jaribu tu kuwapa manga inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, uone watakavyohangaika.

Nataka kuanza Fullmetal Alchemist lakini nimekuta anime (katuni za Kijapani za kutazama) mbili zenye jina karibu lilelile. Nianze na ipi? — Mgeni

Manga ya Hiromu Arakawa ilianza mwaka 2001 na kuisha mwaka 2010. Anime ya kwanza, ya mwaka 2003, yenye sehemu 51, ilianza manga ikiwa bado changa, ikabidi ijitafutie njia na mwisho wake. Ya pili, ya mwaka 2009 hadi 2010, yenye sehemu 64, iliifuata manga hadi tamati. Ukiwa na subira ya kusoma, anza na manga yenyewe, juzuu 27, uishike saa mwenyewe. Ukitaka kutazama, anza na ya pili, halafu ile ya 2003 uitazame kama ndoto mbaya ya hadithi hiyohiyo, kwa kuwa ina giza zaidi na haina haraka na huzuni zake. Nakuonya jambo moja: ile ya pili inakimbia sana mwanzoni, kana kwamba inadhani umekwisha kuitazama ya kwanza, na wengi huiacha hapo. Ipe hadi sehemu ya 15. Ukifika hapo na bado haijakushika, iache bila aibu. Atakayekuwa amekosea ni mimi.